Kibata Kilichoachwa Katikati ya Sinema

Bisi ya Kanyosha ilipoondoka sokoni, Siti alisikia abiria wawili wasiojuana wakibishana mbele yake.

"Mi napenda sinema za kuchekesha," alisema mwanamume mwenye kofia. "Mutu anaanguka, tunacheka, basi. Katuni ni ya watoto."

"Apana, kaka," alijibu mama mwenye kapu la samaki wadogo, ndagala. "Ile ya kibata kilichopotea iliniliza, na uzee huu."

Siti akasogea. Jumapili alimpeleka mjukuu wake, Aya, kuiona, lakini wao, kama watu wengi, waliondoka katikati, wawahi kufika nyumbani kabla ya kuvrefe, saa ya kukatazwa kutembea usiku. Kibata kilikuwa bado kinamtafuta mama yake. Tangu hapo Aya hali vizuri. Mama yake mwenyewe alikimbilia Uvira, na bado hajarudi.

"Dada, mwisho uliuona?" Siti alimuuliza mwenye kapu.

"Niliuona, mama. Kwetu ni mbali, ilipoisha nililala mulemule ukumbini mpaka asubuhi. Kilimpata mama yake. Alikuwa kwenye majani, palepale walipoachana, anakiita."

"Bata wa kuchorwa," alisema mwenye kofia, "na mutu mzima unalia."

"We unacheka mutu akianguka."

Bisi ilisimama, wao wakaendelea kubishana. Siti alikuwa ameshashuka, anatembea haraka kwenda kumwambia Aya, akirudia moyoni: kwenye majani, palepale, anakiita.