Nani Atamsemea?

Basi lilikuwa nusu tupu, kwa hiyo binti mmoja, fundi cherehani, aliyekaa nyuma ya mwalimu na mama wa mwanafunzi wake aliyasikia yote, ingawa alijifanya anatazama nje.

"Mwalimu, insha ya mwanangu umeiandikia mwenyewe 'nzuri sana'," mama alisema. "Halafu sifuri?"

"Sheria ya somo langu huitangaza siku ya kwanza, mama. Aliyeandika anasimama, anawasomea wenzake. Mwanao alisimama akalia."

"Basi akusomee wewe peke yako. Tangu juzi hataki hata kuvaa sare."

"Nikimruhusu yeye, kesho darasa zima litakuwa na haya."

"Kwani haya inaambukiza kama mafua?"

Kondakta alicheka. Mwalimu hakucheka. "Akiwa mkubwa, nani atamsemea?"

"Mimi nipo."

"Kila mahali?"

Fundi alikuwa upande wa mama, lakini neno halikumtoka. Mara akaona kituo chake kinakaribia. Akainuka, akaukumbatia mfuko wa vitambaa, akafungua mdomo. Sauti ikagoma. Kituo kikapita.

Mama akageuka, akamwona. "We dereva, simamisha! Huyu mwenzetu anashuka!"

"Umeona?" mwalimu alimwambia mama.

"Na wewe umeona?" mama alimjibu.

Basi likasimama.