Bandama ya Leonia

OPERETA: Arusha, pokea Babati. Haya Babati, sema.

EUSTACE: Haloo! Nani huko?

BIBI NATALIA: Haloo. Ni Eustace?

EUSTACE: Ndiye. Paza sauti, simu inakoroma kama trekta bovu!

BIBI NATALIA: Ni mimi mkweo, Natalia. Mama yake marehemu Ursula. Nimesimama hapa posta, Babati.

EUSTACE: Loo, mama! Shikamoo.

BIBI NATALIA: Marahaba, baba Leonia. Kazi zinakwendaje?

EUSTACE: Kazi gani, mama? Gereji imejaa magari na tairi hakuna hata moja mji mzima. Tunashinda tunayatazama kama wafiwa. Mvua huko?

BIBI NATALIA: Ilichungulia, ikarudi zake.

EUSTACE: Haya. Shemeji yangu Romanus aliupata ujumbe wangu? Nilimpa dereva wa lori amfikishie.

BIBI NATALIA: Aliupata. Ndio ulionitoa Nangara kwa miguu mpaka hapa.

EUSTACE: Vizuri. Na mtoto amemtaja?

BIBI NATALIA: Amtaje nani?

EUSTACE: Mama, usinizungushe. Aliyempa mimba!

BIBI NATALIA: Leonia hana mimba.

EUSTACE: Dada yangu Aikande alilala hapo kwako, kaona kwa macho yake. Asubuhi mtoto anatapika. Chakula hataki. Tumbo limejitokeza. Mchana kutwa kalala kama chatu aliyemeza mbuzi. Aikande karudi kwangu analia kwa aibu!

BIBI NATALIA: Aliona tumbo, hakuuliza tumbo la nini. Angeniuliza ningemwambia. Alikula, akalala, asubuhi akadandia lori na maneno yake—

EUSTACE: Na shule je? Wamemrudisha nyumbani bure?

BIBI NATALIA: Walimrudisha akiwa mgonjwa. Shingo imevimba huku na huku, kama kameza mayai yakakwama. Nilimpeleka kwa daktari wa misheni. Akamshika shingo, akamshika makwapani, akamlaza akambonyeza tumbo upande wa kushoto, mtoto akaruka. Daktari akasema ni homa ya mitoki. Ile inayowakamata vijana, ikawanyonya nguvu mpaka kunyanyua kikombe ni kazi.

EUSTACE: Akampa dawa gani?

BIBI NATALIA: Hakumpa.

EUSTACE: Unaona! (kicheko) Ugonjwa gani huo hauna hata sindano? Kwa hiyo daktari naye alijua ni mimba, akakuonea haya.

BIBI NATALIA: Alisema ugonjwa huu hauna sindano, unaondoka wenyewe ukipewa nafasi. Dawa yake ni kitanda. Alale mpaka mwili uchoke kulala. Anywe maji, anywe uji mwepesi, anywe mchuzi wa kuku. Asukutue koo kwa maji ya vuguvugu na chumvi, alambe asali na ndimu. Asishike jembe, asibebe ndoo. Na jambo kubwa kuliko yote, Eustace, unanisikia?

EUSTACE: (mikwaruzo) ...sema tena!

BIBI NATALIA: Asiguswe tumbo! Tumbo unalosema ni bandama imevimba. Daktari kasema imejaa, ngozi yake imekuwa nyembamba. Pigo moja la ubavuni linatosha kuipasua, na ikipasuka, damu inamwagikia ndani. Hata kumwahisha hospitali hatuwahi.

EUSTACE: Hayo maneno kakufundisha nani? Leonia?

BIBI NATALIA: Nina masikio yangu.

EUSTACE: Mama, nakuheshimu. Lakini wasichana wa siku hizi wanakuzunguka. Nilimwambia Romanus amchape mpaka amtaje. Ni mwanangu mimi. Akimtaja, nakuja na panga, huyo kijana atatafuta kichwa chake kwenye mtaro.

BIBI NATALIA: Amekwisha mchapa.

EUSTACE: Lini?

BIBI NATALIA: Jana jioni. Alikunywa kwanza, maana akiwa na akili zake asingethubutu mbele yangu. Akamtoa kitandani kwa nywele. Akamburuta mpaka zizini, anamwambia huko mjini serikali inakamata wazururaji, kumbe sisi tunafuga mmoja kwa uji. Akamchapa kwa fimbo ya ng'ombe mpaka ikavunjika. Akaenda kuchukua nyingine—

EUSTACE: Na hakumtaja?

BIBI NATALIA: (kimya)

EUSTACE: Haloo? Mama?

BIBI NATALIA: Nipo. Nilikuwa nakusikiliza umeuliza nini.

EUSTACE: Sikuwa na maana... Ameumia?

BIBI NATALIA: Mgongo umechanika. Mgongo nitauosha, utapona. Fimbo ya pili ilipovunjika, Romanus akainua mguu. Mtoto kalala ubavu wa kulia, huu wa kushoto uko juu, wazi. Nikaona mguu unakuja. Nilikuwa natwanga, Eustace. Mchi ulikuwa mkononi.

EUSTACE: Mama, usiniambie.

BIBI NATALIA: Nilimpiga nao. Mwanangu niliyemzaa. Mkono wake ukalia kama kuni kavu. Akanitupa kwenye kinu, jino langu moja likabaki pale. Nikainuka, nikampiga tena.

EUSTACE: Mungu wangu! Romanus amevunjika?

BIBI NATALIA: Amefungwa vijiti na kitambaa. Mkono wa kulia mzima anao.

OPERETA: Dakika tatu. Mnaongeza?

BIBI NATALIA: Ongeza, binti yangu. Usitukate.

EUSTACE: Leonia yuko wapi sasa?

BIBI NATALIA: Kwa jirani, Wilhelmina. Amejifungia naye ndani, jembe liko nyuma ya mlango. Na Romanus yuko hapa.

EUSTACE: Hapo wapi?

BIBI NATALIA: Hapa posta, mlangoni. Alinifuata nyuma njia nzima, fimbo mpya begani. Kasema, "Mama, mimi nimetumwa na baba wa mtoto. Kama baba mtu atanirudisha kwa mdomo wake, nitarudi. Asiponirudisha, leo namaliza kazi, na mlango wa Wilhelmina ni mbao tu." Si unajua ulimwahidi plau la kulimia?

EUSTACE: Nilimwahidi, ndiyo, lakini...

BIBI NATALIA: Basi anapigania plau. Mwite umrudishe.

EUSTACE: Mama, siwezi kumrudisha hivi hivi. Watu wameshajua. Ukoo wangu wote umeshajua! Nikirudi nyuma wataniona mwanamume gani? Nipe kitu cha kushika. Nipe uhakika kwamba hana mimba.

BIBI NATALIA: Mimi nimekwambia hana.

EUSTACE: Umejuaje?

BIBI NATALIA: Leonia yuko salama, kama wasichana wenzake walivyo salama.

EUSTACE: Hilo ni fumbo, mama.

BIBI NATALIA: Si fumbo. Mtu mzima analielewa.

EUSTACE: Silielewi! Nieleze!

BIBI NATALIA: Eustace, wewe ni mkwe wangu. Tangu umemwoa Ursula sijawahi kula nikikutazama. Ulikuja nyumbani, nikapita nyuma ya nyumba. Kwetu mama mkwe hazungumzi na mkwe mambo ya chini ya kanga. Nilimwomba Wilhelmina aje anisemee, akasema akimwacha mtoto peke yake Romanus atawahi. Sina mwingine wa kumtuma.

EUSTACE: Basi kama huwezi kusema, mimi nafanyaje? Fimbo itasema.

BIBI NATALIA: Ngoja.

EUSTACE: Muda unakwisha, mama.

BIBI NATALIA: Ngoja nikwambie! Leonia yuko mwezini. Ameanza juzi. Asubuhi hii nimefua vitambaa vyake kwa mikono yangu, na damu ya mgongo nimeifua humo humo. Haya. Nimesema. Watu wote wa posta wamenigeukia. Umeridhika?

EUSTACE: Mama... usingesema mbele za watu.

BIBI NATALIA: Ningesemea wapi? Simu iko hapa.

EUSTACE: Lakini wanawake hufichiana. Bibi na mjukuu... Mama, usikasirike. Labda nimwache Romanus amtishe tu. Vibao viwili, asimguse tumbo. Ili dada yangu nisimfanye mwongo.

BIBI NATALIA: Vibao viwili.

EUSTACE: Viwili tu.

BIBI NATALIA: Ursula ulimpiga vingapi?

EUSTACE: (mikwaruzo) Unasema nini? Sikusikii.

BIBI NATALIA: Unanisikia vizuri.

EUSTACE: Ursula alikufa kwa malaria. Mama, hayo tulishayamaliza msibani. Nilileta cheti, nilileta jeneza, nilileta—

BIBI NATALIA: Ulileta na mchele. Watu walikula wakashiba wakakusifu. Nani alimwosha Ursula?

EUSTACE: Mama, tafadhali.

BIBI NATALIA: Nilimwosha mimi. Wanawake wenzangu niliwatoa nje, nikafunga mlango, nikamgeuza. Ubavuni pamevilia damu, hapa hapa daktari alipombonyeza Leonia. Malaria haivai viatu, Eustace.

EUSTACE: Mama, shusha sauti.

BIBI NATALIA: Sikusema siku ile, maana ulikuwa mkwe, umekaa na wazee wa ukoo, na maneno hayo ningeyapitishia mdomo gani? Leo mdomo umekwisha funguka. Umeufungua wewe mwenyewe sasa hivi. Nimesema la kitambaa mbele ya posta nzima, nitashindwaje kusema la kiatu? Kituo cha polisi nakiona kutoka dirishani hapa. Kuna askari kaegemea ukuta, anachokonoa meno. Hana kazi ya kufanya.

EUSTACE: Ni miaka mingi, mama. Hakuna atakayekuamini.

BIBI NATALIA: Labda. Nitajaribu.

EUSTACE: Unanitisha?

BIBI NATALIA: Vibao viwili tu.

OPERETA: Dakika tatu. Mnaongeza?

EUSTACE: Ongeza! Ongeza, dada! ... Mpe Romanus simu.

BIBI NATALIA: Utamwambia nini?

EUSTACE: Nitamwambia aache.

BIBI NATALIA: Niambie mimi kwanza, kama utakavyomwambia yeye. Nisikie ulivyoupanga ulimi.

EUSTACE: Romanus, mwache mtoto. Usimguse.

BIBI NATALIA: Haya. Romanus! Njoo. Njoo uzungumze na shemeji yako. Hiyo fimbo iegemeze huko, humu ni ofisini.

ROMANUS: Haloo, shemeji! Umeona mama yangu alivyonifanya? Mkono umekuwa kama boga! Mimi nakufanyia kazi yako, nyumbani kwangu mwenyewe napigwa mchi kama nafaka—

EUSTACE: Romanus, nisikilize. Mwache mtoto.

ROMANUS: Nimwache vipi? Ulisema mpaka amtaje.

EUSTACE: Nilisema. Sasa nasema basi. Hana mimba, ni mgonjwa. Usimpige, usimtishe, usimpelekee hata sauti. Aachwe alale.

ROMANUS: Alale! Mwezi wa pili huu. Hata mahindi yangu hayalali hivyo. Na plau?

EUSTACE: Plau utapata.

ROMANUS: Unaniapia?

EUSTACE: Nakuapia. Lakini ukimgusa mtoto, nakuja kukufukia na hilo plau shimo moja, na huo mkono mzima nitaung'oa begani nikakuzike bila mkono. Umenielewa?

ROMANUS: Jana ulikuwa unataka damu, shemeji. Mimi nimepigana na mama yangu mzazi. Jino lake liko kwenye pumba huko nyumbani, kuku wanaliparua. Sasa mimi nitakuwa nani?

EUSTACE: Mpe mama simu.

ROMANUS: Nijibu kwanza! Nitarudi Nangara na uso gani?

EUSTACE: Mpe mama simu, Romanus!

BIBI NATALIA: Haloo.

EUSTACE: Amekubali?

BIBI NATALIA: Ameketi kwenye ngazi, kichwa katikati ya magoti. Amevunja fimbo, vipande viwili. Kwa mkono mmoja, sijui ameivunjaje.

EUSTACE: Nimefanya ulivyotaka, mama.

BIBI NATALIA: Umefanya. Nimesikia.

EUSTACE: Basi yale mengine... ya marehemu... tuyaache yapumzike. Nikipata lori, Jumamosi nakuja. Nitaleta chumvi ya kusukutua, huku bado inapatikana kwa kujificha. Nitaleta na sukari ya uji wake. Nije nimwone mwanangu.

BIBI NATALIA: Usije.

EUSTACE: Nisije kumwona mtoto wangu mgonjwa?

BIBI NATALIA: Huyu anaponywa na usingizi. Akishtuka hataki kula, na akikosa kula homa inarudi, anaanza upya. Usije.

EUSTACE: Kwani atashtuka kwa nini? Mimi sijamgusa. Aliyempiga ni mjomba wake!

BIBI NATALIA: Jana alipokuwa akipigwa, unajua alikuwa anapiga kelele gani?

EUSTACE: Alimwita nani? Wewe?

BIBI NATALIA: Homa ilikuwa imempanda. Hata aliyeshika fimbo hakumtambua. Alikuwa analia, "Baba, mwache mama. Baba, mwache mama." Basi. Mpaka sauti ikakauka.

EUSTACE: Alikuwa... Mama, alikuwa mdogo mno. Hakuwa amefikisha hata miaka mitano. Alikuwa amelala! Mlango ulikuwa umefungwa, mimi mwenyewe nili—

BIBI NATALIA: Nimemwachia uji jikoni kwa Wilhelmina, unapoa. Mimi naenda. Kwaheri, Eustace.

EUSTACE: Mama, ngoja! Subiri kidogo! Alikuambia nini kingine? Mama! Haloo? Haloo! Opereta! Opereta, kwa nini umenikatia?

OPERETA: Sijakata, bwana. Muda wenu bado upo. Babati wameweka simu chini.