Bakuli la Heri na Njia ya Kabambare

Hapa Kasongo, kwenye baraza ya Abedi mshonaji, kuna benchi ndefu ambayo mguu wake mmoja umeegemezwa jiwe. Mimi huuza kahawa pembeni yake, mtoto wangu Odile akiwa mgongoni. Jioni ile walikaa watatu: Abedi mwenyewe, Dominique, ambaye wote tunamwita Kapita ingawa aliacha zamani kusimamia watu wa pamba, na Heri, mbeba barua wa njia ya Kabambare, tuliyempa jina Miguu. Heri alikuwa ametoka karibuni lopitali, alikolazwa kwa homa. Munganga, daktari wa pale, alimpa bakuli la bati, akamwambia tumbo bado ni dhaifu: bakuli lijae asubuhi na jioni, kalori zitamtosha, asizidishe. Naye hakuzidisha. Lakini alikuwa anakonda, na kesho yake alipaswa kwenda kupimwa. Kama angeonekana amepungua, wangesema homa imerudi, naye angerudishwa kwenye nyumba ya kutengwa, mbali na mkewe Victorine na mtoto wao mchanga.

— Homa imerudi, Heri alisema. Nakula sawa vile aliniambia, na mukaba wa kaptula unalegea tu.

— Hizi kalori ni nini? Abedi aliuliza.

— Kuni za tumbo, Kapita alijibu. Munganga mwenyewe alinielezea.

— Basi akitembea, kuni zinawaka mingi. Aongeze chakula.

— Aongeze kwa sababu gani? Kazi yake ni kutembea. Samaki anaogelea muchana wote, nani anamuongezea bugali?

— Samaki habebi barua, Baba Kapita.

— Barua ni karatasi.

— Karatasi ya kilio inalemea kuliko gunia ya muchele. Muulize.

— Basi yule aliyeandika ndiye amulishe.

Abedi alifikiri kidogo.

— Mimi naona hivi: kwenda kunahesabiwa. Kurudi hapana. Kurudi, miguu inajua njia yenyewe.

— Na pale kwa muto Luama? Anavuka kwa mutumbwi, amekaa kama chifu, mwingine anapiga kasia. Pale apunguze.

— Apunguze?

— Arudishe kijiko moja. Na akiota chui anamufukuza, zile mbio tunaandika kwa nani, kwake ao kwa chui?

Heri alicheka, kisha akajipangusa uso kwa kiganja. Abedi alikuwa ameshika kiuno cha kaptula ya Heri tangu waanze kubishana, akiipunguza kwa sindano, kama mtu anayeshona nguo yake mwenyewe. Kapita naye alisukuma muhogo wake wa kuchoma taratibu juu ya benchi mpaka ukafika karibu na goti la Heri.

— Hapana, Baba. Nimekwisha maliza kipimo ya leo.

Hapo akafika mama mmoja, Subira, aliyetoka Wamaza na mafuta ya mawese. Alitua mzigo wake, nikammiminia kahawa. Alisikiliza ubishi wa homa na bakuli mpaka kikombe kikafika nusu.

— Ndugu yangu, ile siku munganga alikupatia bakuli, ulikuwa unafanya kazi gani?

— Hakuna kazi. Nililala kwa kitanda.

— Na alijua utarudi njiani?

— Aliniambia nipumzike kwanza. Waliniita kazini mapema.

— Sasa katika hii bakuli, njia ya Kabambare iko wapi?

Kapita alimtazama Abedi. Abedi alitazama sindano.

— Unasikia njaa? Subira alimuuliza.

Heri aliinamisha kichwa.

— Usiku na muchana. Niliona haya kusema.

— Kaka yangu alipata homa kama hii. Ilipomurudilia, hata harufu ya mafuta ilimugeuza uso. Wewe toka nimefika unatazama tu muhogo ya baba huyu.

Kapita aliuweka muhogo mkononi mwa Heri, akamkunjia vidole juu yake. Heri akala. Nilimpa na wangu, akala na huo, na kila alipomeza mabega yake yalishuka, kama mtu anayetuliwa mfuko.

— Kesho umwambie munganga kwamba unatembea, Subira alisema. Atakupimia ingine.

— Kwenda na kurudi? Abedi aliuliza.

— Kwenda na kurudi, baba.

— Na mutumbwi? Kapita aliuliza.

Subira alikunywa kahawa yake. Heri alikuwa amesimama.

— Unaenda wapi? nilimuuliza. Kahawa yako hii.

— Kwangu.

Alishika njia ya nyumbani kwa hatua zake ndefu tulizozizoea. Kapita alimpazia sauti:

— Polepole, Miguu, unaunguza kuni.

— Ziungue, Heri alisema, bila kugeuka. Victorine anapika sombe.