Milka Kendi, Aliyekataa Kifaa Kimoja kwa Vinywa Vyote

Wapendwa waombolezaji, familia imenituma mimi Cleopas, shemeji yake, niwasomee maisha ya Milka Kendi Mbaabu, nami nitayasoma alivyoyaishi, bila kuyapaka rangi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1966 huko Nkubu, Meru, mtoto wa tatu wa Mzee Mbaabu na Mama Tabitha, akasoma huko huko hadi sekondari, kisha akasomea afya ya kinywa Nairobi, akahitimu mwaka 1989. Mwaka 1992 alifunga ndoa na ndugu yangu Eric Ouma, Mungu akawajalia binti mmoja, Achieng, na mwaka 2003 wakahamia hapa Birmingham, akarudi darasani upya, akaajiriwa kliniki moja ya meno Handsworth.

Mwezi Mei 2017 meneja mpya aliagiza kila mgonjwa akwanguliwe meno kwa kifaa kimoja chenye ncha kali, juu ya ufizi na chini yake, ili foleni iende. Milka aligoma, akaeleza kwamba ncha ile ni ya ukoga unaoonekana, ikizama chini inachana nyama, na kwamba huko huingizwa kifaa chembamba kama kijiko, chenye ncha ya mviringo, tena cha meno ya mbele ni tofauti na cha magego. Siku hiyo mgonjwa wake, Bwana Sukhjinder, alikuwa kitini, ufizi umevimba, meneja kasimama mlangoni, naye Milka akavua glavu, akamwambia kama ni kufukuzwa na afukuzwe, lakini kile hakiingii kinywani mwa mtu huyu. Akafukuzwa kweli, akapewa barua, akakaa miezi minane bila kazi, halafu kliniki ya Bordesley Green ikamchukua, akawafundisha vijana kuchagua vifaa hadi alipougua.

Oktoba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatutoka tarehe 2 Februari 2025. Baadhi yetu, nikiwamo mimi, tulitaka habari ya kufukuzwa iachwe, tukiona haya mbele ya kanisa, naye akatuambia kitandani, "Msipoisoma hiyo barua, msisome chochote." Basi nasoma: amefukuzwa kazi kwa kukataa kutumia kifaa alichopewa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Ladywood, wafanyakazi wenzake, na Bwana Sukhjinder, aliyefika leo na meno yake yote. Meneja wa zamani, kama umo humu, karibu chai.

Milka, imesomwa. Pumzika, mama, hukukosea.