Kijivu, Mpiga Picha za Mbao

Ndugu wafiwa, majirani na marafiki, marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Kijivu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba iliyopakana na karakana ya baba, fundi seremala, akiwa mtoto wa pili kati ya watano. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, akajaribu useremala, ukamshinda hata mguu wa stuli, ndipo baba akamwambia kwamba kama kazi imemkataa, basi azitazame za wenzake.

Alizitazama maisha yake yote. Kuanzia 1983 alipiga picha za viti, vinyago na milango ya mafundi, ili mnunuzi wa mbali auone mti wa mninga ulivyo hasa, wa kahawia, si mwekundu kama tofali, na kwa hiyo hakuchanganya kamwe mwanga wa dirisha na wa taa, maana mchanganyiko huo hupotosha rangi, wala hakupiga picha bila kuweka kando ya kitu kadi ya kijivu ya kusahihishia rangi, na jina likatokea hapo. Alipokwenda kushonesha pazia jeusi la studio, alifuata pazia akaondoka na mshonaji, shemeji yetu huyu, wakafunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986, wakajaliwa mabinti wawili.

Februari mwaka huu ngozi yake ilianza kuwa ya manjano. Sote tuliisingizia taa ya chumbani, shemeji akabadilisha balbu, kisha mapazia, nasi tukasema afadhali sasa. Marehemu alitusikiliza, akaomba taa izimwe na dirisha lifunguliwe, akaweka kadi yake kando ya shavu, binti mkubwa akampiga picha, kisha mwenyewe akairekebisha rangi mpaka kadi ikawa kijivu safi, uso ukabaki wa manjano.

Ilikuwa saratani ya ini, tukahangaika huku na kule, lakini maji yalikuwa yamezidi unga, akafariki tarehe 9 Oktoba, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa shemeji.

Picha iliyo mbele ya jeneza ndiyo hiyo. Mchapaji wa picha alisema anaweza kuuondoa umanjano, mabinti wakataka, shemeji akashindwa kusema ndiyo wala hapana, akakaa nayo mapajani kutwa nzima, kwa hiyo imebaki kama alivyoiacha marehemu mwenyewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, wapiga picha wenzake, na mafundi waliotengeneza jeneza hili la mninga, ambalo tangu asubuhi tunajaribu kulipiga picha, na kila mara linatoka jekundu kama tofali.

Pumzika kwa amani, kaka, hatukuwa na namna.