Balisema Nilifunga Mvula

Bwana asifiwe, bandugu zangu! Aya, tena, kwa nguvu yote: asifiwe! Muniangalie vizuri. Niko nasimama hapa muzima, lakini masika ile nilijihesabia mufu.

Miye ni Mama Bea wa Katuba, mujane. Shamba yangu iko barabara ya Kinsevere, nayo njo inalisha batoto. Zamani tulijua mambo ya mvula: mwezi wa tisa tunachoma majani, mvula ya kwanza inapiga, tunapanda mahindi, basi. Sasa inatudanganya! Inanyesha kidogo, mbegu inaota, halafu jua kali, yote inakauka. Tunapanda tena, inakauka tena. Batoto balilala na chai tu.

Nikachoka. Nikakataa kuchoma. Nikakata majani, nikayalaza juu ya udongo, nikapanda katikati yake. Bibi mwenye shamba jirani akacheka: "Mama Bea, ile iko shamba ao matela ya kulalia?"

Mvula ikapotea. Mahindi ya bengine ikakauka, yangu ikabaki kijani. Eh, furaha haikudumu! Bantu balianza kunyamaza nikipita. Kisha neno ikafika: mujane iko anafunga mvula, anaivutia kwa shamba yake peke. Bandugu zangu, muntu akiitwa mulozi, muchawi, nyumba inachomwa naye ndani. Batoto balilala na viatu kwa miguu, tupate kukimbia.

Asubuhi moja bakakuya shambani na majembe na kelele, bibi yule mbele yabo. Maombi ikagoma. Nikatoa paka neno moja tu, "Yesu!", nikapiga magoti. Na Bwana iko mwema! Mikono yangu ikafunua majani, nikamulilia bibi yule: "Mama, weka mukono!" Akainama akinitukana, lakini akaweka. Udongo ilikuwa baridi, na maji ndani. Akaingiza mukono tena, akaita mwenzake aguse. Polepole bakashusha majembe.

Sitadanganya kanisani. Hata leo nikisikia kelele barabarani, natafuta viatu ya batoto, na mvula bado haina adabu. Bibi yule hakuchoma mwaka huu. Alikuya kwangu kuomba panga ya kukatia majani. Nikampa, na woga yangu ndani, lakini nikampa. Asante, Yesu!

Na wewe mwenye kuogopa, ndugu yangu, usingoje woga iishe njo umuite Yesu. Umuite nayo hivyo hivyo.