Siku Mia na Themanini na Tisa za Kitheka

Benchi letu hapa Kwa Vonza ni ubao mmoja juu ya matairi mawili ya trekta, na lina msumari ambao wenyeji tunaujua na wageni huujua wakishakaa. Mbele yake Hemedi huweka jiko na birika la kahawa chungu, kazi aliyorithi kwa babu yake aliyehamia Kitui kutoka Pwani. Kulia hukaa Nthiwa, fundi wa pancha, tunayemwita Professor kwa sababu hajawahi kusema hajui. Kushoto hukaa Mbaluka, ambaye alisimama kortini mara moja kama shahidi wa punda aliyeibwa, na tangu siku hiyo ni Wakili. Mimi huja kusoma gazeti nisilolinunua. Jumatano hiyo asubuhi tulipata kesi mpya: Kitheka alikuwa amerudi kutoka Kambu, baada ya miaka tisa ya kulinda stoo ya ndengu, na barua ya kuachishwa kazi mkononi.

KITHEKA — Wamenilipa mshahara ya mwezi na notisi. Pesa ya leave, yaani likizo, sufuri. Eti nilienda zote.

WAKILI — Ulienda?

KITHEKA — Niende wapi? Kila August karani analeta fomu, nasaini. Halafu mdosi mwenye stoo ananiambia, "Kitheka, uko leave kuanzia leo, lakini usitoke. Angalia-angalia stoo kidogo." Hiyo kidogo ni siku ishirini na moja.

PROFESSOR — Na unasaini tu, buda?

KITHEKA — Alisema ni ya wakaguzi. Na ukisaini unapewa kilo tano ya ndengu.

Tulicheka hadi ubao ukayumba. Kitheka hakucheka. Tangu mwaka wa kwanza alikuwa amemwahidi mkewe Syombua, mama wa mtoto wao Kalekye, tangi la maji, na pesa za leave ndizo zilikuwa tangi lenyewe. Nilijilaumu kwa kile kicheko, ingawa si sana.

WAKILI — Sikiza. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wewe ulikuwepo kazini. Basi lako liko! Kesi imeisha.

PROFESSOR — Haijaisha. Leave ni ka ndengu, ikikaa mwaka bila dawa inaingia dumuzi. Hiyo ya kwanza saa hii ni unga.

WAKILI — Professor, ziba pancha. Ishirini na moja mara tisa ni mia na themanini na tisa. Toa Jumapili...

HEMEDI — Jumapili haihesabiwi, bwana. Zile ni siku za kazi.

WAKILI — Basi ongeza Jumapili! Ongeza na usiku, kwa sababu mlinzi halali. Ukiweka yote pamoja, mdosi lazima akupatie lori.

KITHEKA — Lori ya nini? Mimi nataka tangi.

WAKILI — Utabebea tangi na nini?

PROFESSOR — Wee, wachana na lori. Arudi Kambu na kiti yake. Akae hapo kwa gate siku mia na themanini na tisa, amekunja miguu, anakula leave. Mwizi akikuja anamsalimia tu. Haba na haba hujaza kibaba!

WAKILI — Hapo umesema kitu. Na akimaliza kukaa, atakuwa amefanya miezi kadhaa tena, leave nyingine imezaliwa. Huyu mtu hatawahi kufanya kazi tena!

Hata Kitheka alitabasamu. Hemedi alimwongezea kahawa bila kuulizwa.

HEMEDI — Na afisa wa leba, yule wa haki za wafanyakazi, amekwambiaje?

KITHEKA — Ameniambia sahihi ni yangu, kwa hivyo nilete kitu cha kuonyesha sikukuja nyumbani hizo siku. Sasa mtu ataonyesha aje mahali hakuwa?

Tulikunywa kikombe kimoja juu ya swali hilo. Ndipo tukamwona Syombua akivuka barabara, jembe begani, kitabu kikubwa cha mistari kwapani. Hakukaa, ingawa Wakili alimsogezea upande usio na msumari.

SYOMBUA — Baba Kalekye, nimekuletea hii. Nimeomba kwa Kavindu.

Kilikuwa kitabu cha mwethya. Kijijini kwao, kila Jumatano ya kiangazi, majirani huchimba matuta katika shamba la mmoja wao kabla mvua haijaja, na kila boma hutoa watu wawili. Asiyefika huandikwa, na sehemu yake huchimbwa na mwenzake wa nyumbani. Kavindu ndiye karani, na hasamehei mtu. Kitheka alifungua. August ya kwanza: "Kitheka, hayuko. Yuko kazini Kambu. Amechimbiwa na Syombua." Jumatano iliyofuata, vivyo hivyo. Akafungua August ya pili, ya tatu. Aliendelea kufungua polepole, na kidole chake kikawa kinasimama kwenye yale maneno ya mwisho.

WAKILI — Wuui! Ushahidi! Tarehe na sahihi ya karani! Mama Kalekye, wewe ndiye wakili, mimi ni punda.

PROFESSOR — Tangi imeingia, buda! Elfu tano lita!

HEMEDI — Alhamdulillahi. Kitabu cha jembe kimeshinda fomu ya ofisi.

Tuligongeana mikono. Professor alimnunulia kila mtu kahawa, jambo ambalo sijaliona kabla wala baada. Ni Kitheka peke yake aliyekuwa bado ameinamia kitabu.

KITHEKA — Mama Kalekye, kumbe zote ulichimba wewe?

SYOMBUA — Sasa nani?

WAKILI — Ndio maana nilisema, asiyekuwepo na lake halipo...

Akajikatiza mwenyewe katikati, mara ya kwanza tangu nimjue. Syombua alishusha jembe chini na kumtazama mumewe. Hakuwa na hasira.

SYOMBUA — Kesho uende nacho kwa afisa. Leo Kavindu anakitaka, mwethya iko shambani kwa Mbula na washaanza. Nimwambie aandike leo uko wapi?

Wakili alimwangalia Professor. Professor aliangalia pancha. Hemedi aliinamisha birika, likatoa tone moja na mvuke. Kitheka alisimama, akamrudishia Syombua kitabu, na mkono uleule ukachukua jembe.